Mwanaume wa Upande wa Pili

Halifax,
Jumatatu, 3 Februari 1997

Kwa Shangazi Lorraine,

Leo ni tarehe tatu Februari, na kabla sijaandika jambo jingine lolote naahidi kukueleza yote niyajuayo, hata yale yanayonitia aibu, ili nawe usiwe na sababu ya kunificha. Natumaini u mzima na kwamba baridi ya Aberdeen haijakuingia mifupani. Sisi hapa hatujambo. Mama ana kikohozi kidogo. Baba ni mzima, ila hajui kwamba nakuandikia, na ningependa asijue kwanza.

Mimi ni Bryony, binti wa ndugu yako Barrie. Nina miaka kumi na tano. Mara ya mwisho uliponiona, siku ya mazishi ya Bibi, nilikuwa nabebwa. Anwani yako nimeitoa katika kitabu cha Mama, kwa sababu Mama hukutumia kadi ya Krismasi kila mwaka, na hilo pia Baba halijui. Nyumba yetu ina siri nyingi kuliko makabati.

Kisa chenyewe ni hiki. Kampuni moja ya Leeds inataka kutoa kasha lenye kazi zote za Notisi ya Mwisho, bendi ya Baba, tangu mwaka 1979: albamu kumi na saba na santuri ndogo ishirini na tisa. Ndani ya kasha kutakuwa na kijitabu, na Baba amenipa kazi ya kuandika orodha ya nani alipiga nini katika kila wimbo. Unajua kwamba waliopita katika bendi ile, ukimwacha Baba, ni watu thelathini na wanne. Mmoja alifukuzwa kwa kupiga miluzi garini. Mwingine alifukuzwa mara mbili, kwa kuwa alirudi kimyakimya na ilichukua miezi minne Baba kugundua. Wote nimewapata isipokuwa mmoja.

Mwaka 1985 ilitoka santuri kubwa yenye wimbo mmoja kila upande. Lebo yake ni nyeupe, na upande wa pili umeandikwa neno moja tu, "Themanini". Humo haimbi Baba. Ni mwanaume mwingine, mwenye sauti nzito na ya polepole, kama mtu anayezungumza chini ya blanketi. Haimbi, anataja siku za wiki na vyakula, na nyuma yake bendi inapiga taratibu sana. Nilimwuliza Baba ni nani, akajibu nisichokiamini. Nashuku kwamba kuna mtu aliyechukuliwa sauti yake na kunyimwa jina.

Bi. Pickles, mwalimu wetu wa historia, anasema asiyejua aseme hajui, lakini anayejua akanyamaza ameandika uongo. Kitabu hiki kitabaki baada yetu. Sitaki uongo wa kwanza kuchapishwa kwa jina langu uwe wa kumfunika mtu.

Wewe ulipiga kinanda katika albamu nne za mwanzo. Mwanaume huyo ni nani?

Mwana wa ndugu yako,
Bryony


Aberdeen,
20 Februari 1997

Bryony,

Mimi mzima, mgongo mzima, asante. Mama yako anywe kitunguu na asali. Barua yako imenisubiri mlangoni kwa wiki mbili na zaidi, maana nilikuwa baharini. Mimi ni mpishi kwenye jukwaa la mafuta, wiki mbili huko, siku kumi hivi nyumbani, na posta ya hapa haina mabawa.

Sasa nami niseme wazi. Sina hakika wewe ni nani. Mwandiko ni wa mtoto, lakini maneno yamekaa sawa mno, na mtoto wa miaka kumi na tano haanzi barua kwa kiapo kama yuko mahakamani. Barrie namjua tangu kabla hujafikiriwa. Yule akitaka chumvi, humtuma mtu akaombe sukari. Kama amesimama nyuma ya kiti chako sasa hivi, mwambie dada yake anasema akae chini ajikune.

Kuhusu huyo mwanaume, simjui. Mimi nilitoka mwaka 1983. Tangu siku tuliyomzika Mama sijasikiliza hata santuri moja ya Notisi ya Mwisho. Wakiipiga dukani, naacha kikapu na kutoka. Wanaume wa zama zangu nawakumbuka mmoja mmoja na hakuna aliyekuwa na sauti nzito. Wote walilia kama mbuzi aliyefungiwa chooni, na baba yako ndiye beberu wao.

Ukitaka nikuamini, fanya mambo mawili. Nieleze kitu kuhusu baba yako ambacho asingekubali kamwe ukiandike. Halafu niandikie maneno ya huyo mwanaume, neno kwa neno. Usiyapambe.

Kama kweli wewe ni Bryony, basi mkono ulionishika pua siku ya mazishi ulikuwa na nguvu.

Lorraine


Halifax,
Jumapili, 23 Februari 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi mgongo hauna shida. Mama amekunywa kitunguu na amesema afadhali kikohozi.

Nimetii yote mawili. La kwanza: Baba hulia akitazama mashindano ya mbwa wa kuchunga kondoo kwenye televisheni, hasa mbwa mzee anaposhindwa na wale vijana. Akikutwa, husema amekata kitunguu, na hata kisu hakipo. Tena hupaka nywele rangi, na taulo likichafuka husema ni chai. Akijua nimeandika haya nitakuwa mtu wa thelathini na tano.

Kabla ya la pili, niandike jinsi alivyonijibu siku ile, maana nilikuahidi yote. Alikuwa akila mkate wa kuchoma.

"Baba, yule mwanaume wa 'Themanini' ni nani?"

Mkate ukasimama hewani. "Mwanaume gani?"

"Yule anayesema. Upande wa pili. Mwenye sauti nzito."

Nilifikiri atakasirika, lakini kitu kilimpita usoni kama cha mtu aliyekuwa akitafuta mlango akaukuta wazi. "Ee," akasema. "Mwanaume. Andika haijulikani."

"Lakini wewe ulikuwepo studio."

"Mwanangu, mwaka 1985 mimi mwenyewe nilikuwa sijulikani. Andika haijulikani." Kisha akaenda kupasha gari moto, na siku ile hakuwa na safari yoyote.

Sasa maneno. Nimeyasikiliza mara kumi na moja:

"Jumatatu. Supu ya mbaazi na nyama ya nguruwe, watu themanini, hakuna aliyebakisha. Jumanne upepo, helikopta haikuja, kwa hiyo hakuna mayai. Jumatano nimeunguza wali wa maziwa, nikawaambia ndivyo wanavyoupika Ufaransa, wakaomba tena. Alhamisi sikuona jua. Ijumaa samaki. Jumamosi mmoja wao aliimba vizuri akiosha vyombo. Usivue soksi. Usimruhusu yule nesi mfupi akuchome sindano, mkono wake mzito. Jumapili nimekukumbuka."

Shangazi, nilipofika kwenye helikopta kalamu yangu ilisimama. Unasema wewe ni mpishi kwenye jukwaa la mafuta, na huyu mwanaume naye ni mpishi mahali ambapo helikopta huleta mayai. Sitaki kukukosea adabu, lakini Bi. Pickles anasema mambo mawili yakifanana hivyo mtu aulize. Je, ni mtu uliyefanya naye kazi? Ni mchumba wako? Ulijua tangu mwanzo ukaniuliza maneno ili uone nimefika wapi?

Kama nimekosea, nisamehe. Kasha linakwenda kwa mchapaji tarehe 27 Machi, Alhamisi kabla ya Pasaka.

Mwana wa ndugu yako,
Bryony


Aberdeen,
16 Machi 1997

Bryony, mwanangu,

Sijambo. Hapana, hilo si kweli, nami sitaki kuanza kwa uongo. Barua yako ilifika kabla sijaondoka. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaiweka mfukoni, nikaenda nayo baharini na kurudi nayo. Ina madoa ya mchuzi. Wiki tatu nimeshindwa kuandika mistari miwili.

Gramafoni yako ina kitufe pembeni, kimeandikwa thelathini na tatu na arobaini na tano. Nina hakika umekiacha kwenye thelathini na tatu, kwa sababu santuri ni kubwa na kila mtu hufanya hivyo. Santuri kubwa yenye wimbo mmoja kila upande huzungushwa haraka, kama zile ndogo. Baba yako hakuwahi kukubali mizunguko iandikwe kwenye lebo. Alisema wenye akili watajua. Tulikuwa na wasikilizaji waliotusikia kwa mwendo wa konokono mwaka mzima, wakatuandikia kutusifu.

Kisogeze kwenye arobaini na tano, kisha uketi.

Hakuna mwanaume. Sina mchumba wa namna hiyo, na kama ningekuwa naye nisingemwacha apike. Maneno yale ni yangu. Mwaka 1984 Mama, yaani bibi yako, alilazwa hospitali huko kwenu. Macho yalikuwa yamekwisha, barua asingeweza kuisoma. Mimi nilikuwa ndiyo nimeanza kazi huku na sikupewa ruhusa. Basi kila Jumapili nilikaa katika chumba cha kufulia, nikamrekodia kaseti ya wiki yangu. Kaseti sita. Barrie ndiye aliyempelekea na kumwekea masikioni. Alifariki Novemba kabla ya ile ya saba.

Siku ya mazishi nilimwuliza kaka yangu ziko wapi. Hazikuwa na thamani kwa mtu mwingine yeyote, Bryony. Mama alicheka ndani ya zile kaseti. Alizicheza hadi nesi akazijua kwa moyo, ndivyo alivyoniambia kwa simu, na mara mbili alimwomba Barrie abonyeze kitufe cha kurekodi ili anijibu. Kicheko chake kilikuwa mle. Barrie akanijibu, mikono mifukoni, "Zimetupwa pamoja na matandiko." Nikamwambia neno ambalo siliandiki kwa mtoto, nikapanda treni na viatu vya matope ya makaburi. Hiyo ni miaka kumi na miwili na zaidi sasa.

Kumbe hakuzitupa. Aliziweka kwenye santuri na kuziuza. Nimemdhania mengi ndugu yangu, uzembe, ukali, ubahili, lakini sikuwahi kumdhania hilo.

Mwulize. Mbele ya mama yako. Funguo za gari zifiche kwanza. Mwulize nyingine tano ameziuza kwa nani. Narudi baharini Jumatatu, tarehe 24.

Shangazi yako,
Lorraine


Halifax,
Jumatano, 19 Machi 1997

Shangazi mpendwa,

Natumaini barua hii itakuwahi ukiwa bado nchi kavu, na kwamba umelala vizuri kuliko mimi. Mama amepona kabisa. Kuhusu Baba nitaeleza.

Barua yako ilifika jana. Nilisogeza kitufe. Yule mwanaume akainuka, akawa mwepesi, akawa mwanamke anayezungumza haraka huku akijizuia kucheka. Ilipofika "wakaomba tena", Mama akaita kutoka jikoni, "Bryony, unazungumza na nani huko juu?" Alidhani ni mimi.

Niliposhuka Baba alikuwa amesimama chini ya ngazi. Funguo nilikuwa nimeshazitia ndani ya soksi yangu.

"Umeiweka sawa sasa," akasema.

"Ulijua naisikiliza vibaya."

"Nilijua ulipoulizia mwanaume."

"Ukaniacha niandike uongo."

"Nilikuambia uandike haijulikani. Si uongo huo. Ni uoga."

Mama akatoka jikoni na mikono yenye unga. "Barrie, hebu kaa. Leo utasema." Akakaa kwenye ngazi ya tatu. Nikamsomea swali lako kama lilivyo, la kaseti tano ameziuza kwa nani.

Alisema hivi. Wakati ule bendi haikuwa na hela ya kaseti mpya. Kila mazoezi yalirekodiwa kwenye kaseti yoyote iliyokutwa ndani ya mfuko, ndiyo desturi yao, na mfuko ulikuwa mmoja tu, ule mweusi. Siku Bibi alipofariki alibeba vitu vyake kutoka hospitali ndani ya mfuko huohuo. Kesho yake kulikuwa na mazoezi. Alikwenda, maana hakujua mtu hufanya nini kingine. Kaseti zina vijimeno viwili juu, ukivivunja hazirekodiwi tena. Hakuna aliyevivunja.

"Siku tatu tulipiga," akasema. "Ya nne nikarudisha mkanda nisikilize tulivyokosea. Katikati ya nyimbo mbili nikamsikia Lorraine akisema 'Usivue soksi'. Sekunde mbili. Halafu mpiga ngoma akaanza tena."

"Kwa nini hukumwambia?" Mama akauliza.

"Ningemwambiaje? Kwamba nimemfuta Mama ili nimrekodi mjinga asiyeweza kuhesabu mpaka nne? Kutupa ni ajali, Janice. Mtu anaweza kusamehewa kutupa. Ile ilikuwa mikono yangu."

Ilibaki moja. Alisema aliogopa hata kuigusa. Akaipeleka studio, akaijengea muziki kuizunguka, wakaitia kwenye santuri. "Santuri hairekodiwi juu yake," akasema. "Nilitaka iwe mahali ambapo mimi siwezi kuifikia."

Shangazi, sikumwamini. Nilitaka, lakini ndiye huyohuyo aliyeniambia mwanaume. Kwa hiyo nilipanda darini, kwenye maboksi ya viatu yenye kaseti za mazoezi, na nikatafuta hadi chakula cha jioni kikapoa. Nilizipata zote tano. Zina mwandiko wako: "Mama, wiki ya kwanza", "Mama, wiki ya pili", na kuendelea, umekatwa kwa mstari wa kalamu nyekundu na kuandikwa "mazoezi, Novemba". Mstari huo si wa Baba. Unatetemeka, na Mama anasema ni mkono wa mpiga ngoma. Nilizisikiliza zote, pande zote, jana na leo asubuhi. Sikwenda shule, na Bi. Pickles nitamweleza. Ni kelele tupu, Shangazi, ukiacha zile sekunde mbili za 'Usivue soksi'. Ni mazoezi mabaya mno.

Lakini katika ile ya nne, upande wa pili, bendi inaacha kabla mkanda haujaisha. Mtu anasema, "Twende tukanywe." Kuna mlio wa kitufe. Halafu ni wewe, katikati ya sentensi, "...na nikija Krismasi nitakukata kucha mwenyewe, maana Barrie atakukata vidole." Kisha mwanamke mzee anacheka, kwa muda mrefu, anakohoa, na anasema, "Barrie yuko hapa anasikia. Mwambie mwenyewe." Na Baba, sauti yake ya ujana, anasema, "Njoo basi, mpishi." Mkanda unaishia hapo. Nimehesabu sekunde thelathini na nane.

Baba hakujua imo. Nilipomchezea alisikiliza akiwa amefunika macho kwa kiganja, na hakusema ni kitunguu.

Nimevivunja vijimeno vyote viwili. Kaseti yenyewe iko ndani ya kifurushi hiki, nimeifunga kwa soksi mbili za sufu. Hatukutengeneza nakala. Baba alisema ni yako, na kama kuna nakala itatoka kwako.

Sijui kama hili linatosha. Ulisema aliziuza, nami nimeona hakuziuza. Lakini moja aliiuza kweli, bila kukuuliza, na hilo halina kaseti ya kulisafisha. Nimemwambia hivyo. Amesema ni sawa.

Sasa orodha yangu ina nafasi moja tupu. Nimekataa kuandika "haijulikani", na sitaandika jina lako bila ruhusa yako, kwa sababu ndivyo mambo haya yalivyoanza. Baba amepiga simu Leeds. Amewaambia dada yake akisema wimbo uondolewe, utaondolewa, hata kama kasha zima litachelewa. Wamemkasirikia sana.

Jibu likifika Jumatatu tutakuwa tumewahi.

Mwana wa ndugu yako,
Bryony

Nilikuwa nimeshatia sahihi Baba alipokuja mezani. Nimemruhusu asome barua hii, zako hapana. Aliomba kalamu, akaishika muda mrefu juu ya nafasi hii iliyobaki, akanirudishia. Amesema niulize mimi, yeye ataharibu. Basi nauliza, na nakuomba unijibu kwa posta ya kurudi kabla hujapanda helikopta: wimbo wako ubaki, Shangazi, au utoke?